Kuongeza treni kwenye ratiba ya mwendokasi bila kuwachelewesha waliotangulia

Mpwa wangu ameanza kazi ya kupanga ratiba za treni, na swali la kwanza alilonipigia simu kuniuliza ni hili: abiria wanaomba treni zaidi, ratiba iliyopo inaonekana imejaa, mtu anaanzia wapi? Nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaona niandike ili na wenzake wasome. Mimi nilikuwa kontrola wa treni, yaani mwongozaji wa treni njiani, hapa Tanga, kwenye reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911. Reli yetu ni ya upana wa mita moja na mwendo wake ni wa taratibu. Hata hivyo, kazi ya ratiba ni ile ile treni zikienda mbio: umbali, saa, na vyombo viwili visivyoweza kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Reli za kasi za Japani na Ufaransa nimezisoma kwa mapenzi, na mifano mingi nitaitoa huko.

Jambo ninalotaka lishikwe tangu mwanzo: nafasi tupu kwenye ratiba haimaanishi kwamba treni inaingia hapo. Mara nyingi nafasi ile ndiyo inayozifanya treni zilizopo zifike kwa saa yake. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inauliza swali moja: treni mpya itawafanyia nini abiria wa treni za zamani, ambao wamekwishalipa nauli na kupanga maisha yao kwa saa mlizowaahidi?

Hesabu viti kabla ya kuhesabu treni

Nenda dirisha la tiketi ukaulize: watu wanakosa viti, au wanakosa saa? Kama treni ya saa 12 asubuhi inajaa mapema na ile ya saa 2 inaondoka na viti vitupu, tatizo ni viti vya saa 12. Dawa yake ni kuunganisha seti mbili (seti ni treni kamili na mabehewa yake) ziende kama treni moja, au kuleta mabehewa yanayobeba wengi zaidi. Wafaransa walifika hapo. Reli yao ya Paris hadi Lyon ilifunguliwa mwaka 1981, ikapendwa hadi nafasi za treni zikaanza kuadimika, na mwaka 1996 wakaleta TGV Duplex, treni ya ghorofa. Viti vikaongezeka bila kuongeza treni hata moja njiani. Ukichagua njia hii, pima majukwaa ya stesheni zote ambazo treni itasimama, pamoja na zile ndogo, ili mabehewa ya nyuma yasibaki nje.

Lakini kama hakuna treni kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na mgonjwa aliyekwenda kliniki analazimika kutafuta pa kulala mjini, hapo watu wanakosa saa. Treni inahitajika kweli. Endelea.

Chora grafu kwa mkono

Programu za kompyuta zinachora grafu ya treni kwa dakika chache, nazo ni nzuri. Bado nakushauri uchore saa mbili za kilele, yaani za msongamano, kwa penseli na rula, kwa sababu kila mstari unaouchora mwenyewe utakulazimisha ujue unapita wapi.

Chukua karatasi ya miraba. Saa ziende kwa mlalo, kila dakika na mraba wake. Stesheni zipande wima, zikiachana kwa umbali wake halisi. Usizigawe sawasawa ili karatasi ipendeze. Kwenye grafu ya reli yetu, Pongwe haikai mbali na Tanga sawa na Korogwe ilivyo mbali na Mombo. Kila treni ni mstari wa mshazari: ya kasi husimama wima zaidi, ya polepole hulala zaidi, na treni iliyosimama stesheni ni mstari wa kulala kabisa. Mbili za uelekeo mmoja zikikatana mahali pasipo na njia ya pembeni, ratiba yako haiwezekani.

Kisha chukua penseli ya rangi, upake ukanda kuzunguka kila mstari. Treni haishiki ile nukta iliyopo tu. Mbele yake kuna kipande cha reli kilichokwisha kufungwa kwa ajili yake, na nyuma yake kuna kipande ambacho hakijafunguliwa bado. Ukanda huo ndio treni. Nafasi iliyobaki kati ya ukanda na ukanda ndiyo unayoruhusiwa kuifikiria.

Upana wa ukanda

Treni ya kilomita 300 kwa saa hula kilomita 5 kila dakika. Dereva hawezi kutegemea macho kuona taa ya njiani, hivyo ishara humfikia ndani ya kibanda chake. Na kuisimamisha si kazi ndogo: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana reli ya kasi, pamoja na mbio zake zote, haipitishi treni nyingi kama mtu anavyotarajia. Paris hadi Lyon zilikuwa zikipita treni 13 kwa saa kila upande, nao wakaamua kufunga mfumo mpya wa ishara ili wafike 16.

Tafuta namba mbili kwa watu wa ishara. Ya kwanza ni mwachano mdogo kabisa, yaani dakika zinazohitajika ili treni ya nyuma isilazimike kupunguza mwendo kwa sababu ya ya mbele. Ya pili ni mwachano wa kupangia, ambao lazima uwe mkubwa zaidi. Mtu akikupa namba moja, muulize ni ipi. Muulize pia imepimwa wapi, maana katikati ya njia treni hufuatana vizuri, lakini pale zinapopunguza mwendo kuingia stesheni, zikipita pointi (pale reli zinapoachana au kuungana) kwa taratibu, dakika huongezeka. Namba ya kufuata ni ile ya mahali pabaya kuliko pote.

Treni inayosimama hula nafasi za wengine

Hapa ndipo wapangaji wageni hushangaa. Tuchukue reli ya mazoezi ya njia mbili (moja ya kwenda, moja ya kurudi), urefu wa kilomita 350 hivi, umbali unaokaribia ule wa Tanga hadi Moshi. Mwachano ni dakika 4. Treni za moja kwa moja zinaweza kuondoka dakika ya 0, 4, 8, 12 na kuendelea. Sasa unaombwa uweke treni ya ziada inayosimama stesheni 4 za kati. Kusimama mara moja kwenye reli ya kasi, ukijumlisha kupunguza mwendo, kushusha na kupakia kwa dakika 2, kisha kurudisha mwendo, hugharimu dakika 6 hivi. Mara 4 ni dakika 24.

Treni hii ikiondoka dakika ya 4, ya moja kwa moja inayoifuata haiwezi kuondoka dakika ya 8, kwa sababu itaikuta njiani. Ili ifike mwisho dakika 4 nyuma yake, lazima iondoke dakika ya 32. Angalia zilizopotea: ya 8, 12, 16, 20, 24 na 28. Umeingiza treni moja, umefukuza sita.

Dawa ni kuipitisha ya kasi mahali penye njia ya pembeni. Mwambie dereva wa treni inayosimama aingie pembeni stesheni ya pili, apitwe, ndipo aondoke. Treni ya kasi sasa inaweza kuondoka dakika ya 16 badala ya 32. Gharama yake wanailipa abiria wa ile inayosimama: watakaa stesheni ya pili karibu dakika 9. Wawekewe muda huo wazi kwenye ratiba iliyochapishwa. Watu huvumilia dakika 9 walizoambiwa, na hukasirikia dakika 3 wasizoambiwa, na wana haki.

Wajapani ndio walioifikisha kazi hii mbali kuliko wote. Tokaido Shinkansen, reli yao ya kasi ya Tokyo hadi Osaka, ilianza tarehe 1 Oktoba 1964, na kwa saa waliendesha Hikari moja ya haraka na Kodama moja inayosimama kila stesheni. Leo Kodama bado zinaingia pembeni na kupitwa, na saa ya kilele zinaondoka hadi treni 17: Nozomi (za haraka kuliko zote) 12, Hikari 2, Kodama 3. Mpango huo wa Nozomi 12 ulianza Machi 2020, baada ya kuondoa treni za aina ya zamani iitwayo Series 700, ili zote zilizobaki ziweze kwenda kilomita 285 kwa saa na kuondoka stesheni kwa wepesi unaolingana. Yaani walipata nafasi mpya kwa kuzifanya treni zifanane, bila kujenga reli nyingine. Ukiwa na seti moja nzito inayochelewa kushika mwendo, inakuibia nafasi kila siku. Anza na hiyo.

Mwisho wa njia

Sisi Tanga tunasema "waja leo waondoka leo", na kila treni inayoingia stesheni ya mwisho nayo ni hivyo: lazima itoke. Wapangaji wengi huhangaika na katikati ya njia wakati kizuizi kiko mwisho.

Hesabu yake ni rahisi. Treni ikikaa jukwaani dakika 30, na zikahitajika dakika 4 hadi nyingine iingie mahali pake, njia moja ya jukwaa inashikwa dakika 34 kwa kila treni. Njia 4 zitapokea treni 7 kwa saa. Reli yako hata ikiweza kupitisha 15, hazina pa kuingia. Punguza kukaa kuwe dakika 20, na zile njia 4 zinapokea 10. Treni 3 kwa saa zimepatikana kwa kupanga vizuri wasafishaji, wapakia maji na dereva wa kurudi, ambaye awe amesimama jukwaani upande wa pili kabla treni haijaingia. Stesheni ya Tokyo, Tokaido Shinkansen ina njia 6 tu za majukwaa. Gawanya kwa treni 17: kila treni ina dakika 21 hivi hadi nyingine iingie mahali pake, na humo wafanyakazi wa usafi wanasubiri jukwaani wamejipanga hata kabla ya milango kufunguliwa.

Angalia vilevile pointi za mlangoni mwa stesheni. Treni inayotoka jukwaa la mbali mara nyingi hukata njia ya inayoingia. Panga majukwaa ili inayoingia na inayotoka zipite pamoja bila kukatana. Wakati mwingine kubadilisha namba za majukwaa peke yake kunatosha kuipatia treni mpya nafasi.

Seti zinatoka wapi

Safari ya saa 2, ukiongeza nusu saa ya kugeuza kila mwisho, ni mzunguko wa saa 5. Treni moja kila saa inataka seti 5, treni mbili kila saa zinataka 10, na juu yake uwe na za akiba karakana. Sasa ukishawishika kuongeza vituo viwili kwenye safari, dakika 12 kwenda na 12 kurudi, mzunguko unakuwa saa 5 na dakika 24. Seti 5 hazitoshi tena. Aidha ununue ya 6, aidha upunguze kugeuza kuwe dakika 18 kila mwisho. Mheshimiwa anayeomba treni isimame kwake aelezwe hesabu hii kwa heshima, karatasi ikiwa mezani.

Njia moja

Hapa nimekaa zaidi kuliko kwingine kokote, na hapa ndipo mpwa wangu atafanya kazi. SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa na ina umeme, lakini kati ya stesheni na stesheni ni njia moja. Mambo niliyoyafanya mimi kati ya Mombo na Mnyusi, pale reli ya kutoka Ruvu inapoungana na yetu tangu 1963, ndiyo atakayoyafanya yeye kwa kasi kubwa zaidi.

Kwenye njia moja, treni ya ziada hupishana na kila treni inayotoka upande wa pili. Kama treni zinaondoka kila saa pande zote mbili na safari ni saa 3 na nusu, treni yako itakutana na nyingine kila nusu saa, mara 7 kwa safari. Kila kukutana lazima kuangukie mahali penye njia ya kupishania. Ukisogeza saa ya kuondoka kwa dakika 10, makutano yote 7 yanasogea, na baadhi yataangukia porini.

Kwa hiyo usianze kuchora kutoka stesheni ya kwanza. Tafuta kipande kirefu kuliko vyote kati ya mahali pa kupishana na pengine, kwa dakika, maana mlima unaweza kukifanya kipande kifupi kiwe kirefu. Kipande cha dakika 10 kinataka dakika 10 za kwenda, 10 za kurudi, na dakika 2 hivi kila mara za kubadilisha pointi na kufungua ishara: dakika 24 kwa jozi moja. Jozi 2 na nusu kwa saa ndiyo kikomo cha reli nzima, hata kama kwingine kote kuna nafasi tele. Bandika mstari wako hapo kwanza, kisha uurefushe huku na huku.

Pia amua nani asubiri. Inayofika kwanza ndiyo inayosubiri, basi panga ifike kwanza ile yenye akiba ya muda mbele yake. Ukiipa kusubiri treni ambayo mwisho wake inatakiwa igeuze haraka, umeupeleka ucheleweshaji hadi kesho yake asubuhi. Na wakati wote kumbuka kwamba kwenye njia mbili anayechelewa huwaumiza walio nyuma yake, kwenye njia moja huwaumiza na wanaomjia, kisha wao wanaupeleka mwisho wa pili.

Jaribu kuivuruga

Grafu ikikubali, ivuruge mwenyewe kabla mvua za masika hazijaivuruga. Rudi kwenye reli ya njia mbili. Treni 10 kwa saa, moja kila dakika 6, mwachano mdogo kabisa dakika 4: kila treni ina pumzi ya dakika 2. Ya kwanza ikichelewa dakika 5, ya pili inachelewa 3, ya tatu 1, ya nne inafika kwa saa yake. Jumla ni dakika 9. Ongeza ziwe 12, moja kila dakika 5. Kuchelewa kule kule kunakuwa 5, 4, 3, 2, 1: treni 5, dakika 15. Ukifika 15, moja kila dakika 4, hakuna pumzi kabisa na kuchelewa hakuishi hadi kilele kipite.

Shirika la kimataifa la reli, UIC, katika kanuni yake ya 406, linashauri reli za kasi zisishikwe zaidi ya asilimia 75 saa ya kilele na asilimia 60 kwa siku nzima. Kwa mfano wetu, treni 10 zinashika dakika 40 kati ya 60, asilimia 67. Ya 11 inafikisha 73, inaingia. Ya 12 inafikisha 80, na mimi ningeikataa hata kama aliyeiomba ni mkubwa wangu. Weka pia asilimia chache za ziada kwenye muda wa kila safari, ili dereva awe na kitu cha kufidia.

Chora mapema nafasi za sikukuu

Treni za Idd na za Desemba, wakati watu wa Moshi wanapokwenda nyumbani, zisiingizwe kwa kubanwa wiki ya mwisho. Kwenye Tokaido Shinkansen, ule mpango wa Nozomi 12 ni mfululizo wa nafasi zilizokwisha kuchorwa na kupimwa. Siku ya kawaida nyingine hubaki tupu, siku ya msongamano huamshwa. Fanya hivyo. Chora ratiba iliyojaa kabisa, ihakikishe, halafu futa treni za siku za kawaida. Kinyume chake, kuchora pungufu na kuchomeka baadaye, kila mara huvunja kitu.

Waulize hawa kabla ya kutangaza

Watu wa umeme: treni ngapi zinaweza kuondoka pamoja kwenye eneo la kituo kimoja cha kupoza umeme? Magenge ya njia: watafanya kazi saa ngapi? Shinkansen haiendeshi abiria kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, na saa hizo ni za matengenezo. Usiwaibie magenge usiku wao. Wasimamizi wa madereva: saa za kazi na mapumziko zinatosha? Stendi za mabasi: abiria wa treni ya saa 5 usiku wataondokaje?

Kisha iendeshe tupu, bila abiria, saa ile ile utakayoitangaza na siku yenye treni zote za kawaida. Andika dakika na sekunde za kupita kila stesheni, zake na za treni ya mbele na ya nyuma yake. Zikikaa ndani ya akiba kwa wiki nzima, fungua tiketi. Treni yoyote ya zamani uliyoisogeza, hata kwa dakika 2, abiria waliokwishakata tiketi watumiwe ujumbe wa simu wenye saa mpya, na karatasi ibandikwe kila stesheni inakosimama kabla ya siku ya kwanza.